Dafrosa Alipolala Hoteli ya Kilele

Zamani, ukifiwa kwetu Magamba, kabla hujatafuta turubai wala sufuria kubwa, ulimtafuta Dafrosa. Watu wa kata ya Shanwe walikuwa wanamtumia pikipiki. Hata Wasukuma wa kule porini, wenye namna yao ya kulia, walimwita. Alikuwa akifika anavua ndala zake pembeni, anasimama mlangoni, anamwita marehemu kwa jina. Mara moja tu, kwa Kibende. Sauti ilianzia chini kama mtu anayenong'ona, ikapanda, na wanaume waliokuwa wamejikaza tangu asubuhi wakaanza kutafuta leso mifukoni.

Haikuwa sauti nzuri. Kwaya ya kigango walimjaribu wakamrudisha, wakasema anawafunika wenzake. Ila kwenye msiba hakuwa na mpinzani. Mimi nilikuwa kwenye kikundi chetu cha akina mama cha kufa na kuzikana. Nilichota maji na kukoroga uji kwenye misiba mingi nikiwa nyuma yake, na kila mara nywele zilinisimama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Mumewe aliitwa Hilari. Mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi cha moshi. Alikuwa anafanya kazi Kilele.

Kilele ni hoteli iliyo juu mlimani, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa gari kutoka Mpanda mjini. Waliijenga wazungu wa madini, enzi zile madini ya risasi yanachimbwa huku, ili wapande wakapumzike na joto na mbu. Kuta za mawe, paa la vigae, na baraza refu ambalo ukisimama unaliona bonde lote mpaka linapogeuka buluu. Wazungu walipoondoka ikawa ghala, kisha ikawa zizi la mbuzi. Akaja kuinunua mama mmoja aliyezaliwa Katumba, anaitwa Libérate, ambaye wazazi wake walikuja kama wakimbizi na yeye akatajirika kwa biashara ya magogo na nafaka. Aliifufua yote: sakafu za mbao, picha za wazungu wamekanyaga simba waliowaua, mabafu ya chuma yenye miguu. Watalii wanaokwenda kuona viboko wa Katavi wakawa wanalala pale, na wakubwa wa mjini wanafanyia harusi zao.

Kitu kimoja kilichoachwa kama kilivyokuwa ni boila, pipa kubwa la chuma nyuma ya jiko, linalochemsha maji kwa kuni na kuyapeleka vyumbani. Wageni walipenda kuambiwa kwamba maji yao yamechemshwa na mtambo uliowachemshia wazungu wa zamani. Hilari ndiye aliyekuwa analilisha kuni. Mara nyingine alikuwa anaitwa asimame kando yake apigwe picha.

Siku moja ilikuwa Jumamosi ya harusi. Boila likapasuka ubavuni. Maji yanayochemka yakammwagikia Hilari kuanzia kifuani mpaka miguuni.

Akapiga kelele, kama ambavyo mtu yeyote angepiga. Jiko lile liko nyuma ya baraza, ukuta mmoja tu katikati, na upande wa pili wa ukuta bwana harusi alikuwa anakata keki. Meneja, anaitwa Edgar, akatoka mbio. Hakuuliza ameumiaje. Alisema, "Mnyamazisheni! Wageni wako mezani." Wafanyakazi wakasimama, hakuna aliyesogea. Basi akachukua kitambaa cha meza kwenye kamba ya nguo, akakikunja, akamshindilia Hilari mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

Magari yalikuwepo, ila yalikuwa mbele ya hoteli yamefungwa riboni, na kuyafikia ilibidi upite barazani mbele ya macho ya watu. Edgar akasema apelekwe hospitali kwa njia ya nyuma, kwa pikipiki. Aliyempakata nyuma ya dereva ni Method, mtoto wa mdogo wake Hilari, aliyekuwa mhudumu palepale. Njia ya nyuma ni ya wakata kuni, mawe matupu. Walipofika chini, kabla ya kuikuta barabara ya Mpanda, Hilari akakata roho mikononi mwa Method, kitambaa kikiwa bado mdomoni, kwa sababu Method alikuwa anamshika kwa mikono yote miwili asidondoke na hakuwa na mkono wa tatu wa kukitoa.

Sisi hatukuambiwa hivyo. Tuliambiwa presha.

Edgar alikuja kwenye msiba, suti nyeusi, shada la maua, magunia ya mchele na sukari. Alishika kipaza sauti akasema Hilari alikuwa mzazi kwa wote pale Kilele, na kwamba hoteli imepoteza mtu wa familia. Watu walimpigia makofi ya heshima. Wakati wa kula Dafrosa mwenyewe, mjane, alinyanyuka kwenye mkeka akachukua birika na beseni, akamnawisha mikono. Nilikuwa nimesimama pale. Edgar alimwambia, "Pole sana mama, jikaze." Dafrosa akamjibu, "Ahsante baba, Mungu akubariki."

Ila kuna jambo lilitushangaza. Dafrosa hakulia. Yule aliyewalilia watu wa kata nzima alikaa kimya kama jiwe la kusagia. Tulimsubiri asimame amwite Hilari, hakusimama. Mwili ulikuwa umefungwa kwenye sanduku lisilofunguliwa, na yeye alilitazama lile sanduku kama mtu anayeuliza swali ambalo hajibiwi.

Baada ya arobaini Method alimfuata nyumbani, akamweleza. Alieleza yote huku ameinama, mpaka kitambaa.

Dafrosa aliniita jioni ile, kabla giza halijaingia. Nilimkuta ameshika lile beseni. Akasema, "Nilimnawisha." Sikumwelewa. Akarudia, "Mwenzangu, huyu mtu alimuua mume wangu kwa kumziba mdomo, halafu nikamnawisha mikono ileile. Nikamwambia Mungu akubariki." Akalitupa beseni uani, mbwa wakakimbia.

Alikwenda kote anakotakiwa mtu kwenda, polisi na kwenye ofisi za serikali. Huku wakamwambia maelezo ya hoteli yameshapokelewa, kule wakamwambia alete mashahidi, na mashahidi wote walikuwa wanakula mshahara wa Edgar. Method alisema atasema. Alipoitwa, akasema hakumbuki vizuri. Alikuwa na watoto wadogo. Dafrosa akaenda kwa padri, naye akamshauri amwachie Mungu.

"Baba," Dafrosa akasema, "Mungu nimemwachia mengi. Wanangu wawili waliokufa wachanga nimemwachia. Ukame nimemwachia. Hili nalitaka mwenyewe."

Akaacha kuliza misiba. Wakimtumia pikipiki, anairudisha. Watu walidhani ni huzuni, wakamwonea huruma. Mimi nilimuuliza, naye akanijibu kwa upole kabisa, "Kilio cha Hilari sijakilia. Nikiwalilia wengine kitapungua."

Ukapita msimu mmoja wa masika, ukapita wa pili. Mwaka huo mpunga wa bondeni ulikubali kwelikweli. Dafrosa hakuweka hata gunia moja la chakula. Aliuza wote, akaenda kwa binti yake Happiness, mwenye duka la vitenge pale Kashaulili mjini, akamwambia ampigie simu Hoteli ya Kilele amwekee chumba.

Happiness alidhani mama yake amechanganyikiwa. "Mama, ukalale kule? Kwa watu waliomuua baba?"

"Ndiyo."

"Ukafanye nini?"

"Nile, nioge, nilie."

Happiness alibishana naye mpaka mteja aliyekuwa anachagua kitenge akaondoka. Mwisho akaona bora amsaidie kuliko aende peke yake kwa miguu, maana alimjua mama yake. Dafrosa alikuwa amechagua wiki yenyewe. Redio ya mjini ilikuwa imetangaza kwamba Kilele itapokea ugeni mkubwa, watu wa makampuni ya utalii wa Arusha na Dar na Wazungu wao, wanaokuja kuiona kama inafaa kuleta wageni. Mwenye hoteli mwenyewe angekuwepo. Chumba kilichokuwa kimebaki kilikuwa kimoja, kizuri na ghali, cha juu ya baraza.

"Jina la mgeni?" aliuliza binti wa mapokezi.

"Dafrosa Hilari."

Binti aliandika bila kusita, akauliza kama mgeni ana kitu asichokula. Lile jina halikumgutusha. Dafrosa alisikia yote kwenye spika ya simu, akatikisa kichwa. "Hata jina lake hawalikumbuki," akasema. "Vizuri."

Alipanda mlima Jumamosi kwa teksi, amevaa kitenge kipya cha bluu alichoshonewa na binti yake, kilemba, na viatu vya kufunika ambavyo vilimbana. Mlangoni alipokewa begi na kupewa taulo la moto la kufutia uso na glasi ya maji ya ukwaju. Halafu akaja Edgar mwenyewe, ananukia, mikono miwili mbele.

"Karibu sana Kilele, mama yangu. Shikamoo."

Dafrosa alimtazama usoni. Alisubiri macho ya yule mtu yashtuke, hata kidogo. Hayakushtuka. Alikuwa amenawishwa na yule mama, amempa pole na kushukuriwa, na hakuwa amemwona.

"Marahaba," akasema.

"Ni mara yako ya kwanza kufika kwetu?"

"Ya kwanza."

"Na nani aliyekusifia hoteli yetu?"

"Mume wangu. Alikuwa huku miaka mingi."

"Aa, basi alitupenda!" Edgar akacheka, akampeleka mwenyewe ngazini.

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yake ya Magamba. Kitanda cha mbao nyeusi chenye chandarua cheupe kama gauni la harusi. Jiko la mawe ukutani la kuotea moto. Dirisha lilitazama bonde, na Dafrosa alijaribu kuitafuta Magamba kule chini, asiione, ikawa ni vumbi tu na miti. Akaketi kwenye kochi. Hilari alikuwa anamsimulia habari za vyumba hivi, lakini alikuwa anasimulia kama mtu aliyeona kupitia mlangoni, kwa sababu hakuruhusiwa kuingia na buti zake za majivu. Alikuwa anasema, "Kule maji ya moto yanatoka ukutani, unafungua tu." Alijivunia. Ni yeye aliyeyachemsha.

Akaingia bafuni, akafungua bomba. Maji yakaja na moshi. Mtambo ulikuwa umetengenezwa, umewekwa kiraka, na mtu mwingine alikuwa analisha kuni. Dafrosa aliuweka mkono kwenye maji mpaka akashindwa, akautoa, akautazama ulivyokuwa mwekundu. Kisha akafungua bomba la bafu lote, na la sinki, na la kuogea kwa kusimama, akayaacha yakimbie shimoni jioni nzima. Alisikia kengele zikilia vyumba vya wenzake, na Wazungu wakiulizana kwenye korido kwa nini maji yamepoa. Alitabasamu peke yake. Aliniambia lile tabasamu lilikuwa la kwanza tangu msiba.

Wakati wa chakula cha usiku ndipo Method alipomwona. Alikuwa amebeba sinia la supu, na siku hizo alikuwa ameshapandishwa kuwa mkuu wa wahudumu. Supu ilicheza ikamwagika pembeni ya sahani. Akainama kama anayepanga vijiko.

"Mama mkubwa," akanong'ona, "umefuata nini huku?"

"Nimekuja kupumzika. Mimi ni mgeni, baba. Nipe supu."

"Mama mkubwa, nakuomba. Mimi nina watoto wanasoma."

"Najua. Nilimpokea wa kwanza kwa mikono yangu, ulikuwa safarini." Akanyanyua kijiko. "Wewe endelea na kazi yako. Nitakapoanza yangu, ukitaka kukimbia kimbia."

Method hakulala usiku huo. Dafrosa alilala mpaka jua likaingia ndani.

Mchana wa Jumapili meza zilipangwa barazani moja baada ya nyingine, vitambaa vyeupe, maua ya porini kwenye glasi. Wageni walijaa. Libérate alikaa katikati, mama mtu mzima mwenye shingo nyembamba na miwani, akiwaeleza watu wa makampuni jinsi alivyoondoa kinyesi cha mbuzi kwenye ukumbi ule. Edgar alikuwa anapita kati ya meza akijaza glasi. Dafrosa alikula kwanza. Alikula samaki, akala na kuku, akamaliza na matunda, kwa sababu, alisema, mtu halii na njaa.

Halafu akainuka, akavua viatu vilivyombana akavisukuma chini ya kiti, akavua kilemba. Akatembea mpaka mwisho wa baraza, ule upande wa ukuta wa jiko, akageuka kuwatazama watu.

Akamwita Hilari.

Method anasema vijiko vilisimama hewani. Anasema mbwa wa mlinzi alinyamaza. Alimwita mara ya pili kwa jina lake la nyumbani, la Kibende, na mara ya tatu kwa jina la baba yake Hilari, kisha akaanza kulia kwa maneno, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Hilari wangu, nimepanda mlima kukufuata. Nimekuta wageni wako mezani. Wanakula, Hilari, siku ile walikuwa wanakula na leo wanakula. Uliungua nyuma ya ukuta huu. Ukalia, wakakuziba. Ukashushwa kama mzigo wa kuni kwa njia ya kuni, na magari yamefungwa riboni. Umewaogesha miaka mingi, baba wa Happiness, wewe hukuogeshwa hata na maji ya baridi. Niambie ulitaka kusema nini. Niambie kabla ya kitambaa ulikuwa unaita nani."

Wanawake wa jikoni walitoka. Wa kufua walitoka na mikono yenye povu. Huku kwetu mwanamke akisikia kilio cha kweli hawezi kubaki anaosha vyombo, na hawa walikuwa wanajua. Walikuwa wameona, wakameza, wakaendelea kupiga pasi. Mmoja akaangua kilio, kisha mwingine, kisha wote, mikono kichwani. Baraza lote likawa matanga. Mgeni mmoja Mzungu akamuuliza mwenyeji wake yule mama anaimba nini, na yule mwenyeji, kijana wa Arusha, akaanza kumtafsiria, akafika kwenye kitambaa, akasukuma sahani yake mbele.

Edgar alijaribu kucheka kwanza. "Samahanini, mama amezidiwa na kinywaji." Hakuna aliyecheka naye. Akawaambia walinzi, "Mtoeni!" Walinzi wakatazama chini. Basi akamwendea mwenyewe, jasho linamtoka, akamshika mkono. Dafrosa hakuacha kulia. Edgar akamziba mdomo kwa kiganja.

Palepale, mbele ya watu wote, mbele ya simu zote zilizokuwa zimeinuliwa.

Dafrosa akanyamaza. Alisimama ametulia kabisa nyuma ya kile kiganja, akimtazama. Hapo ndipo Edgar alipomtambua. Method alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akauona uso wa meneja ukibadilika, mkono ukashuka wenyewe.

"Ndivyo hivyo?" Dafrosa akamuuliza, kwa sauti ya kawaida. "Au ulikaza zaidi?"

Libérate alikuwa ameshasimama. "Hilari ni nani?" akauliza.

Wafanyakazi wakatazamana. Method akaweka sinia chini. "Ni baba yangu mkubwa, mama. Alikuwa anachochea boila. Hakufa kwa presha." Akaeleza, palepale, mbele ya watu wa makampuni, na safari hii alikumbuka vizuri.

Libérate akamgeukia Edgar. "Wewe uliniambia presha."

"Mama, ilikuwa harusi. Wageni wangesikia..."

"Haya, leo wamesikia."

Akamsogelea Dafrosa, akavua miwani. Alitaka kumkumbatia, ila Dafrosa hakufungua mikono, na mwenye hoteli akabaki ameishika miwani tu. "Mama mwenzangu," akasema, "sikujua. Sema unachotaka. Chochote."

"Kama hukujua, hukuuliza," Dafrosa akamjibu. "Ninachotaka ni kiti. Akae huyu hapa mbele yangu asikilize mpaka nimalize. Akinyanyuka, naanza upya."

Wakaleta kiti. Edgar akakaa kwenye ule mwisho wa baraza, suti yake nzuri, magoti pamoja kama mwanafunzi. Dafrosa akaketi chini sakafuni, miguu ameinyoosha kama tunavyokaa msibani, akalia. Alimlilia Hilari akiwa kijana anamposa. Aliwalilia wale wachanga wawili. Alilia kikohozi, buti za majivu, picha walizompiga Wazungu wasimpe hata moja. Kila alipofika mwisho alikuwa anamwambia Edgar, "Na wewe nilikunawisha," kisha anaanza sehemu nyingine. Wageni waliondoka wawili wawili, wengine bila kumaliza kula, magari yakawa yanashuka mlima. Edgar alijaribu mara moja kusema "nisamehe." Dafrosa alimwambia, "Sijakufikia wewe bado, subiri," na akaendelea na maneno yake. Jua lilipoanza kuzama meneja alikuwa analia kwa kwikwi, na Method anasema hata yeye aliyemchukia alitamani iishe. Haikuisha mpaka Dafrosa alipoona imeisha.

Akainuka, akachukua viatu vyake chini ya kiti, akapanda chumbani. Chumba alikuwa amekilipia. Asubuhi akanywa chai na maandazi barazani peke yake, meza zote tupu, ndipo akashuka Magamba.

Picha za kwenye simu zilifika Mpanda kabla yake. Edgar alifukuzwa kazi. Mjini walimpachika jina, Meneja Kitambaa, na kila alipoomba kazi, hata kusimamia baa tu huko Shanwe, wateja walikuwa wanamwonyesha leso na kucheka. Kesi iliyokuwa imelala ikaamshwa, na sasa mashahidi ni wengi. Hiyo bado inaendelea, siwezi kuisemea.

Mkewe Edgar alikuja Magamba, mwanamke mnyonge wa watu, akapiga magoti uani. Nilikuwepo. Alisema mumewe halali, hali, watoto wanazomewa shuleni. Dafrosa alimnyanyua, akampa kiti na uji. Akamwambia, "Wewe sina neno nawe, kunywa. Ila kumsamehe, hapana. Na usije tena kwa ajili hiyo, utachosha miguu yako bure." Padri naye alikuja kwa habari ileile, akaondoka na jibu lilelile, lakini bila uji.

Sitasema kwamba yote yalikuwa matamu. Yale makampuni hayakurudi. Kilele ilifungwa msimu mzima, na wale wanawake wa jikoni na wa kufua, waliotoka kulia naye, walirudi majumbani mikono mitupu. Baadhi yao hawamsalimii Dafrosa mpaka leo. Method naye akakosa kazi. Mkewe, Cecilia, alimtukana Dafrosa sokoni mbele ya watu, akisema, "Kisasi chako kimelipwa na wanangu." Dafrosa alisimama akasikiliza matusi yote. Misiba amerudi kuiliza, ila wengine sasa wanamwogopa. Wanaona mtu anayeweza kutunza kilio kwa muda ule wote anaweza kutunza na mengine.

Masika yaliyofuata alimkatia Method nusu ya shamba lake la mpunga bondeni. Hakumpa kwa maneno mengi. Alimpelekea mbegu na jembe mlangoni akaondoka. Siku tatu Method hakutokea. Ya nne nikamwona bondeni, suruali ameikunja magotini, anapandikiza miche kama mtu aliyesahau namna yake. Nilikuwa shamba la jirani. Dafrosa alikuwa mbele yake, amempa mgongo. Walikwenda hivyo mstari mrefu.

Mwisho Method akasema, "Mama mkubwa, nikuulize. Kwa yote yaliyotupata baadaye, kama ungejua, ungepanda tena mlima ule?"

Dafrosa hakugeuka. "Hata kesho asubuhi," akasema.

Method akasimama na fungu la miche mkononi, matope yakimdondoka. Nilidhani atalitupa na kuondoka. Akalitazama kidogo, akalitenganisha, akainama kuendelea.

"Unaipanda karibu karibu mno," Dafrosa akamwambia. "Iachie nafasi."